Siku tatu Ssese: Likizo ya mfanyabiashara huanzia kwenye chombo cha kuvukia

KAMPALA — Ukisimama Kikuubo asubuhi, kabla jua halijapanda, utasikia Kiswahili cha Nairobi, cha Bukoba, cha Goma na cha Juba katika uchochoro mmoja. Wenye sauti hizo wanaijua mipaka ya Afrika Mashariki kuliko maofisa wengi. Wanajua Busia hufurika siku gani, foleni ya malori Malaba huanzia wapi, na Mutukula wakala gani wa forodha hachelewi na karatasi. Lakini waulize ni lini walivuka mpaka bila mzigo wowote, na wengi watacheka tu. Kwao safari ni bidhaa. Kurudi mikono mitupu ni hasara.

Wakati wa kupumzika ukifika, simu huleta picha za mbali. Mojawapo ya picha zinazosambazwa sana ni ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe zilizoning'inia juu ya bahari ya buluu. Ni pazuri, hakuna anayebisha. Ila Mganda, Mkenya au Mtanzania anayetaka kufika huko huanza na maombi ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90, na ukikataliwa fedha hiyo hairudi. Ukifika, utakuta kisiwa chenye wakazi wasiofika 20,000 kilichopokea wageni zaidi ya milioni tatu mwaka 2023. Msongamano umekuwa mkubwa kiasi kwamba tangu Julai 2025 Ugiriki inawatoza abiria wa meli za kitalii euro 20 kila mmoja wanaposhuka Santorini au Mykonos katika msimu wa kilele.

Makala haya yanahusu kisiwa cha karibu zaidi. Ndani ya Ziwa Victoria, kusini-magharibi mwa Entebbe, kuna visiwa 84 vya Ssese vinavyounda wilaya ya Kalangala. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Wengi wetu tunakijua kwa jina tu, kwa sababu ya samaki. Tunajua bei ya kilo ya mputa anayetoka huko, lakini hatujawahi kukaa ufukweni mwake tukiwa hatuna haraka. Kinafaa kwa likizo ya siku tatu. Lakini kabla ya kuzungumzia mchanga na machweo, kuna jambo moja ambalo kila mfanyabiashara wa mipakani ataelewa upesi: kisiwa ni kizuri kwa kadiri ya chombo kinachokufikisha huko na kukurudisha.

Njia mbili, zote zinavuka Ikweta

Njia ya kwanza ni ya maji matupu. Mwalo wa Nakiwogo uko Entebbe, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Hapo ndipo hupakia MV Kalangala, meli ya serikali iliyoanza kazi mwaka 2006 na kutia nanga Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala. Safari huchukua yapata saa tatu na nusu. Kwa ratiba iliyozoeleka, meli huondoka Lutoboka asubuhi na Nakiwogo mchana, kwa hiyo anayetoka Kampala hana budi kulala kisiwani angalau usiku mmoja. Meli hubeba pia magari machache, na abiria hulipa kwa daraja. Siku za sikukuu fika mapema, maana nafasi hujaa.

Njia ya pili ndiyo inayowafaa wasomaji wetu wengi, ingawa wachache wameifikiria. Ni ile ya Masaka. Mtanzania anayeingia kwa Mutukula, Mnyarwanda anayepita Katuna, na Mkongomani anayetokea Bunagana kupitia Kisoro na Kabale, wote hupita Masaka wanapoelekea Kampala. Kutoka Masaka kuna barabara ya lami ya yapata kilomita 40 hadi Bukakata, ukingoni mwa ziwa. Hapo kuna feri zinazovusha watu, pikipiki, mabasi na malori hadi Luuku, upande wa Bugala, kwa muda usiofika saa moja. Tena huvusha bure. Feri hizo huendeshwa na kampuni ya Kalangala Infrastructure Services chini ya mkataba wa ubia na serikali. Kutoka Luuku, barabara kuu ya kisiwa hukupeleka hadi mji wa Kalangala na kuendelea hadi Mulabana.

Kwa maneno mengine, mfanyabiashara wa Bukoba aliyekwisha kuuza mzigo wake Kampala anaweza kuchepuka Masaka akirudi, akapumzika siku mbili, kisha akaendelea na safari ya nyumbani. Hahitaji ndege wala wakala wa utalii.

Njia zote mbili zina zawadi yake. Anayepita barabarani hukutana na mstari wa Ikweta pale Kayabwe, wenye mnara wa duara ambao kila mtu hupiga nao picha. Anayepanda meli Nakiwogo huvuka mstari huo huo ziwani bila alama yoyote, maana Entebbe iko kaskazini kidogo mwa Ikweta na Bugala iko kusini yake. Wenzako watakuwa wanakula gonja na kuzungumza, na hakuna atakayegundua kwamba wamehama nusu ya dunia.

Kuhusu hati, tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Rwanda na Uganda husafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania na wengine wa Jumuiya wabebe pasipoti au hati ya kusafiria inayokubalika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani.

Utakachokikuta

Bugala si kisiwa cha majumba marefu. Mji wa Kalangala umekaa juu ya mgongo wa kilima, na kutoka huko unaona ziwa pande mbili. Chini yake, Lutoboka, kuna ufukwe wa mchanga na nyumba za wageni za viwango tofauti, za bei kali na za bei ya kawaida. Miti imeshuka hadi karibu na maji. Asubuhi utasikia tumbili wakirukia mabati, na ukiingia msituni na mwongoza njia unaweza kuwaona mbega, weusi kwa weupe, wakiwa juu kabisa. Jua linapozama, ziwa hubadilika rangi mara kadhaa ndani ya nusu saa.

Chakula ni kile unachokiuza. Samaki anayeitwa mputa hapa ndiye sangara wa Mwanza na mbuta wa Kisumu. Ngege ni sato. Mukene ni dagaa, au omena kwa Mkenya. Tofauti ni kwamba hapa unamla akiwa ametoka majini asubuhi hiyo, pamoja na matoke, badala ya kumhesabu kwa magunia. Kwenye mialo utasikia Kiganda zaidi, lakini Kiswahili hakitakuangusha, kwa kuwa wavuvi na wachuuzi hutoka pande zote za ziwa.

Kuna tahadhari mbili za afya. Ziwa Victoria lina kichocho, kwa hiyo usiingie majini kila unapoona maji yametulia. Waulize wenyeji, epuka kwenye majani na mwaloni, na ukirudi nyumbani nenda kapime. Pili, mbu wapo, na chandarua si pambo.

Mwenye muda na fedha zaidi anaweza kwenda Ngamba, kisiwa kingine kilicho yapata kilomita 23 kutoka Entebbe, ambako tangu mwaka 1998 sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wauzaji wa wanyama hutunzwa ndani ya msitu. Safari yake hupangwa Entebbe, na si sehemu ya Ssese.

Kwa nini kisiwa kinaonekana kitupu

Anayefika Bugala kwa mara ya kwanza huuliza mbona watu ni wachache na ardhi ni nzuri. Jibu liko katika historia, na linagusa biashara pia.

Zamani Ssese haikuwa pembezoni. Katika imani ya jadi ya Baganda, Mukasa, mwenye ziwa, makao yake yalikuwa kisiwani Bubembe, na Kabaka alipeleka huko zawadi zake. Watu wa Ssese walikuwa mafundi wa vyombo. Mitumbwi yao mirefu ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama ulivyoshonwa mtepe wa pwani ya Lamu, na ndiyo iliyobeba jeshi na biashara ya Buganda ziwani.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa nchini Uganda, wengi wao wa kandokando ya ziwa na visiwani, ambako mbung'o wanaoueneza walikuwa tele. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alipiga kambi Bugala na kuwadunga wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili. Baadhi walipata nafuu kwa muda, na baadhi walipofuka kwa sababu ya dawa hiyo. Kufikia mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha wakazi kwa amri na kuwapeleka bara. Kwa takriban miaka kumi visiwa vilibaki vya ndege na viboko. Waliporuhusiwa kurudi, wengi hawakurudi.

Kwa hiyo msitu unaoupiga picha ulimea, kwa sehemu, juu ya mashamba ya watu walioondolewa. Ukilijua hilo, utakitazama kisiwa kwa heshima zaidi.

Mchikichi na msitu

Siku hizi utakapotoka Luuku kuelekea Kalangala, kwa kilomita nyingi hutaona msitu bali michikichi iliyopangwa kwa mistari. Mradi huu wa mafuta ya mawese ulianza miaka ya 2000 kwa ubia wa serikali, Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, na kampuni ya Oil Palm Uganda. Mavuno ya kwanza yalikuwa mwaka 2010. Shamba la kampuni na mashamba ya wakulima wadogo kwa pamoja yanafikia takriban hekta 10,000.

Kila mfanyabiashara anayebeba madumu ya mafuta ya kupikia anajua maana ya hili. Wakulima wadogo wa Kalangala sasa hupokea malipo ya kila mwezi, jambo ambalo uvuvi haukuwapa. Barabara, umeme na feri za bure vimekuja sambamba na mradi. Kwa upande mwingine, msitu mwingi umekatwa, na mwaka 2015 kundi la wakulima lilikwenda mahakamani likidai lilipokonywa ardhi bila fidia ya haki.

Haya si ya kumharibia mtu likizo. Lakini mgeni anayekwenda kwa ajili ya msitu anapaswa kujua kwamba msitu una mshindani mwenye soko. Kila shilingi inayotumika kumlipa mwongoza njia, kulala nyumba ya wageni au kula kwa mama lishe ni sababu moja ya kuuacha mti usimame.

Chombo kwanza

Sasa tufike kwenye jambo zito. Novemba 24, 2018, siku ya Jumamosi, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama ziwani karibu na Mpatta, wilaya ya Mukono. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wametoka Kampala kwenda kufurahi, kama wewe unavyopanga. Polisi walisema boti ilijaa kupita kiasi na haikuwa katika hali nzuri. Miezi miwili tu kabla, Septemba 20, MV Nyerere ilikuwa imepinduka ikikaribia Ukara, huko Ukerewe, na kuua watu zaidi ya 220. Na hakuna mtu wa Kagera au Mwanza aliyeisahau MV Bukoba ya Mei 21, 1996, iliyoangamiza mamia.

Tukio la karibu zaidi na sisi ni la Agosti 2023. Boti iliyotoka Kalangala kuelekea Kasenyi, Entebbe, ilizama ikiwa na mkaa, vyakula na samaki. Watu 20 walikufa. Polisi walitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Hiyo haikuwa boti ya watalii. Ilikuwa boti ya biashara, ambamo abiria hukaa juu ya magunia na mwenye chombo huhesabu magunia kabla ya watu.

Tunaielewa hesabu hiyo kwa sababu tunaifanya. Gunia moja zaidi ni faida. Kungoja upepo utulie ni hasara ya soko la asubuhi. Bado ziwa halijui bei ya mukene.

Wagiriki nao walijifunza kwa machungu. Septemba 26, 2000, meli ya abiria Express Samina iligonga miamba karibu na kisiwa cha Paros, usiku, wakati mabaharia wameiacha ijiendeshe kwa mtambo bila mtu wa kuangalia mbele. Watu takriban 80 walikufa, wakiwamo watalii. Baada ya hapo Ugiriki ilikaza masharti ya ukaguzi. Pia serikali ya huko hulipa ruzuku ili meli ziende hata visiwa vidogo visivyo na faida, kwa kuwa inatambua kuwa kisiwa kisicho na chombo cha uhakika kitahamwa na watu wake.

Uganda imefanya jambo la namna hiyo Bukakata. Tatizo huja chombo kinapopelekwa matengenezo na hakuna cha kuziba pengo. MV Kalangala imewahi kusimama kwa muda mrefu, na kila inaposimama, msafiri wa Entebbe hubaki na mambo mawili: azunguke kwa Masaka, au apande boti ya mbao. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 inataka vyombo visajiliwe na kupewa leseni. Lakini saa kumi na moja alfajiri, mwaloni, mara nyingi mkaguzi wa kwanza na wa mwisho ni abiria mwenyewe.

Kwa hiyo kagua kama unavyokagua mzigo kabla ya kuulipia. Kwanza, piga simu kwenye nyumba ya wageni siku moja kabla na uulize kama meli inafanya kazi wiki hiyo. Pili, ikiwa haifanyi kazi, chagua Bukakata, hata kama barabara ni ndefu. Tatu, kwenye chombo chochote kidogo, vaa jaketi la kuokolea kabla chombo hakijaondoka, usilikalie, na mtoto apewe la kimo chake. Nne, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria, kwa sababu bila orodha hakuna anayejua watafutwe wangapi. Tano, usisafiri usiku, na usipande boti yenye mzigo uliozidi ukingo. Ukiona nahodha anabishana na upepo, shuka. Nauli uliyoipoteza utaipata sokoni.

Hesabu ya siku tatu

Siku ya kwanza ni ya kuvuka na kulala. Siku ya pili ni ya msitu, ufukwe na mwalo. Siku ya tatu rudi asubuhi. Gharama kubwa itakuwa malazi, na bei hutofautiana sana kati ya siku za kazi na mwisho wa wiki, hivyo anayejipangia kazi mwenyewe ana faida juu ya mwajiriwa: nenda Jumanne. Badilisha fedha zako Kampala au Masaka kabla ya kuvuka, na uwe na shilingi za Uganda mkononi pamoja na akiba kwenye simu.

Kama dhamiri ya biashara inakusumbua, tembelea mwalo siku ya pili bila kununua kitu. Tazama mukene wanavyoanikwa, uliza bei ya hapo hapo, linganisha na ile unayolipa Kikuubo au Kirumba. Wapo watakaorudi na namba za simu za wauzaji, na hilo si kosa. Masharti rahisi ya forodha ya Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 yaliwekwa kwa ajili ya watu kama wao, mradi samaki awe wa kimo kinachoruhusiwa na karatasi ziwe sawa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki huzungumzwa sana kama soko, na sisi tumelitumia soko hilo vizuri. Lakini watu hawaungani kwa kuuziana tu. Mkenya aliyekaa siku tatu Kalangala akala na wenyeji, akajua kisiwa kilihamwa mwaka gani na kwa nini, atajadiliana na Mganda kwa namna nyingine atakapokutana naye Busia. Nyumba nyeupe za Santorini zitakuwapo mwakani. Hapa kwetu kisiwa kipo, mpaka uko wazi, na feri ya Bukakata haina nauli. Vaa jaketi, uvuke.